Kusogeza herufi kwa Haskell: mwongozo kamili wa kuandika, kufichua na kuvunja maandishi ya siri

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandika programu ndogo inayoficha ujumbe kwa kusogeza kila herufi hatua kadhaa mbele katika alfabeti, jinsi ya kuurudisha ujumbe huo katika hali yake ya kwanza, na hatimaye jinsi ya kuuvunja bila kupewa ufunguo, yaani idadi ya hatua hizo. Lugha tutakayotumia ni Haskell, ambayo ndani yake programu hujengwa kwa fanksheni, zile f(x) za hesabu za sekondari: ukiipa fanksheni thamani ileile, itakurudishia jibu lilelile siku zote, wala haitabadilisha kitu kingine pembeni. Nimeuandika kwa ajili ya wasomaji wa Lubumbashi ambao tayari wameonja C, Java au Python, ambao kibodi zao ni za AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), na ambao katika sentensi moja huchanganya Kiswahili na Kifaransa bila kujiuliza. Hayo mawili ya mwisho yataathiri msimbo wetu kuliko unavyodhani.

Kutayarisha kompyuta

Haskell ilitangazwa mwaka 1990 na ikapewa jina la Haskell Curry, mwanahisabati wa Marekani. Kompaila yake kuu inaitwa GHC. Katika Ubuntu au Debian, amri `sudo apt install ghc` inatosha. Katika Windows na macOS, njia ya kawaida ni kisakinishi kiitwacho ghcup. Mzigo wake ni wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo ni afadhali kuupakua mahali penye mtandao wa Wi-Fi kuliko kumaliza mega za simu usiku mmoja. Ukishausakinisha, kila kitu kilichomo katika mwongozo huu kinafanya kazi bila intaneti. Asiye na kompyuta anaweza kujaribu msimbo kwenye ukurasa wa play.haskell.org kwa kutumia simu.

Fungua faili jipya, liite `Siri.hs`, kisha andika mistari hii mwanzoni kabisa:

```haskell
import Data.Char (ord, chr, isAsciiLower, isAsciiUpper, isSpace)
import Data.List (maximumBy)
import Data.Ord (comparing)
import System.Environment (getArgs)
```

Baadhi ya vitu tulivyoviita hapo vitatumika baadaye sana, lakini Haskell hudai kwamba maombi yote ya namna hii yakae juu ya faili. Vipande vya msimbo vitakavyofuata vyote viingie chini ya mistari hiyo, kwa mpangilio wowote utakaoupenda, kwa kuwa Haskell haijali fanksheni ipi imeandikwa kwanza.

Herufi moja kwanza

Katika kumbukumbu ya kompyuta kila herufi ina namba yake: `ord 'a'` hutoa 97, `ord 'A'` hutoa 65, na `chr` hufanya kinyume chake, yaani huchukua namba ikarudisha herufi. Ili kuisogeza herufi ndogo, tunatoa 97 ili *a* iwe 0 na *z* iwe 25, tunaongeza ufunguo, tunahakikisha kwamba jibu halivuki 25, kisha tunarudisha ile 97.

```haskell
zungusha :: Int -> Char -> Char -> Char
zungusha n mwanzo h = chr (ord mwanzo + mod (ord h - ord mwanzo + n) 26)
```

Mstari wa kwanza unatangaza aina: fanksheni hii inapokea namba kamili na herufi mbili, kisha inatoa herufi moja. Herufi iitwayo `mwanzo` ni *a* ndogo au *A* kubwa, kutegemea tunashughulika na kundi gani. Tukiipa *y* na ufunguo 3, hesabu inakwenda hivi: 121 kutoa 97 ni 24, kuongeza 3 ni 27, na 27 ikigawanywa kwa 26 inabaki 1, ambayo ni *b*.

Katika mifano mingi ya Haskell utakuta `mod` imewekwa katikati ya namba mbili, ikiwa imezungushiwa alama zile ndogo zilizoinama kama aksenti ya *è* isiyo na herufi chini yake. Kwenye kibodi ya AZERTY alama hiyo ni usumbufu mtupu, na mwanafunzi anayeanza huishia kuandika alama ya nukuu ya kawaida, kisha kompaila inamfokea kwa kosa asilolielewa. Kwa sababu hiyo nimeiweka `mod` mbele. Maana ni ileile.

Hiyo `mod` ndiyo inayolifanya alfabeti kuwa duara. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Julius Caesar aliandika barua zake za siri kwa kuweka D mahali pa A na kuendelea hivyo kwa herufi nyingine, yaani ufunguo wa 3. Anasimulia pia kwamba Augustus alisogeza hatua moja tu, na alipofika X, iliyokuwa herufi ya mwisho kwake, hakurudi mwanzo bali aliandika AA. Kwa lugha yetu, Augustus hakuwa na `mod`, na ujumbe wake uliweza kuwa mrefu kuliko ule wa asili.

Kuna mtego ambao waliotoka C au Java watauangukia. Katika lugha hizo, -3 % 26 hutoa -3. Haskell ina fanksheni mbili tofauti: `rem (-3) 26` hutoa -3 kama C, lakini `mod (-3) 26` hutoa 23. Tunahitaji hiyo ya pili, kwa kuwa kufichua ujumbe ni kusogeza kwa namba hasi. Ukitumia `rem`, herufi *a* ikirudishwa nyuma hatua tatu haitakuwa *x*. Itatua kwenye namba 94, ambayo ni alama ya `^`. Zingatia vilevile mabano yanayoizunguka -3: bila hayo, Haskell itadhani kwamba unataka kutoa 3 kutoka kwa fanksheni.

Herufi zenye aksenti

Sasa tunahitaji fanksheni inayoamua herufi ipi isogezwe na ipi iachwe.

```haskell
sogeza :: Int -> Char -> Char
sogeza n h
  | isAsciiLower h = zungusha n 'a' h
  | isAsciiUpper h = zungusha n 'A' h
  | otherwise      = h
```

Mistari yenye kiwima (`|`) ni masharti yanayosomwa kutoka juu kwenda chini: kama ni herufi ndogo, zungusha ukianzia *a*, kama ni kubwa, anzia *A*, vinginevyo, iache ilivyo, iwe nafasi, nukta au tarakimu.

Maelekezo mengi ya zoezi hili hutumia `isLower` na `isUpper`, na kwa anayeandika Kiingereza pekee hakuna litakaloharibika. Kwetu ni tofauti. Andika ujumbe wa kawaida kabisa wa Lubumbashi, *Tuonane ku marché kesho*, na fanksheni `isLower` itaikubali *é* kama herufi ndogo, kwa sababu kweli ni herufi ndogo. Namba yake ni 233. Ukitoa 97 unapata 136. Ukiongeza 3 ni 139. Baki ya kugawanya kwa 26 ni 9, yaani *j*. Neno *marché* linakuwa `pdufkj`, na ukilifichua linarudi likiwa *marchg*. Herufi imepotea, programu haikutoa onyo lolote, na aliyetumiwa ujumbe anabaki kukisia. Fanksheni zenye neno Ascii ndani yake zinakubali herufi 26 tu, kwa hiyo *é* inapita bila kuguswa na kurudi salama.

Hata hivyo, *é* isiyoguswa ni uvujaji: anayeliona neno `pdufké` anajua mara moja kwamba ndani ya ujumbe kuna Kifaransa. Anayetaka kuliziba tundu hilo aondoe aksenti kabla ya kuficha:

```haskell
safisha :: Char -> Char
safisha h
  | elem h "éèêë" = 'e'
  | elem h "àâ"   = 'a'
  | elem h "îï"   = 'i'
  | h == 'ô'      = 'o'
  | elem h "ùûü"  = 'u'
  | h == 'ç'      = 'c'
  | otherwise     = h
```

Herufi kubwa zenye aksenti unaweza kuziongeza mwenyewe kwa mtindo huohuo. Mimi naona ni afadhali `safisha` ibaki kuwa hiari ya mtumiaji, kwa kuwa aksenti iliyoondolewa hairudi tena baada ya kufichua.

Kutoka herufi moja hadi ujumbe mzima

Katika Haskell, ujumbe si chochote zaidi ya orodha ya herufi. Kazi ngumu imekwisha; iliyobaki ni kuiamuru `sogeza` ipite juu ya orodha yote, na hilo ndilo jukumu la `map`.

```haskell
ficha :: Int -> String -> String
ficha n = map (sogeza n)

fichua :: Int -> String -> String
fichua n = ficha (negate n)

fichaSafi :: Int -> String -> String
fichaSafi n = ficha n . map safisha
```

Tazama vizuri `sogeza n`. Tulisema kwamba `sogeza` inahitaji namba na herufi, lakini hapa tumeipa namba peke yake. Haskell hailalamiki: inatupatia fanksheni mpya inayosubiri herufi, na hiyo ndiyo tunayoikabidhi kwa `map`. Kwa sababu hiyohiyo, ujumbe wenyewe haukutajwa popote upande wa kulia wa `ficha`. Anayetoka Java atatafuta kitanzi na kigezo cha kuhesabu nafasi, na hatavikuta. Nukta iliyo ndani ya `fichaSafi` inaunganisha fanksheni mbili: kwanza `safisha` inapita juu ya ujumbe wote, kisha matokeo yanaingia kwenye `ficha`.

Hifadhi faili, fungua terminali katika folda hiyohiyo, andika `ghci Siri.hs` ili kufungua GHCi, sehemu ya GHC inayokuruhusu kujaribu fanksheni moja moja, kisha jaribu:

```
ghci> ficha 3 "Tukutane Kenya saa tano"
"Wxnxwdqh Nhqbd vdd wdqr"
ghci> fichua 3 "Wxnxwdqh Nhqbd vdd wdqr"
"Tukutane Kenya saa tano"
```

(Kwa wasomaji wa mbali: Kenya hapa ni komine, yaani wilaya ya mji, ya Lubumbashi, wala hakuna anayepanda ndege.) Kila unapobadilisha faili, andika `:r` ili lisomwe upya. Ukijaribu maneno yenye aksenti, GHCi itakuonyesha `\233` mahali pa *é*; hilo si kosa, ni namna yake ya kuchapa orodha za herufi. Tumia `putStrLn (ficha 3 "marché")` ili uone herufi yenyewe, na kama uko kwenye Windows, tekeleza kwanza `chcp 65001` katika dirisha la amri, kabla ya kuifungua GHCi.

Jaribio moja au mawili hayatoshi kuthibitisha programu. Kanuni tunayoitaka ni hii: ujumbe wowote ukifichwa kwa ufunguo wowote, kisha ukafichuliwa kwa ufunguo uleule, urudi kama ulivyokuwa. Kanuni hiyo inaandikika karibu neno kwa neno:

```haskell
mifano :: [String]
mifano = ["Tukutane Kenya saa tano", "marché", "", "Katuba, Kampemba na Ruashi!"]

sahihi :: Bool
sahihi = and [fichua n (ficha n m) == m | n <- [-30 .. 30], m <- mifano]
```

Andika `sahihi` katika GHCi nawe utapata `True`. Kisha, kwa ajili ya kujifunza, badilisha `isAsciiLower` iwe `isLower` kwa muda (uiongeze pia kwenye orodha ya maombi ya juu) na utazame neno *marché* likiiangusha kanuni.

Kuvunja bila ufunguo

Funguo zenye maana ni 25 tu, kwa kuwa 0 na 26 haziachi tofauti yoyote. Mtu mvumilivu anaweza kuzijaribu zote kwa kalamu na karatasi. Swali la kuvutia ni jinsi ya kuifanya kompyuta itambue yenyewe jibu lipi kati ya yote ndilo lenye maana.

Njia ya kale ni ya kuhesabu herufi zinazojirudia zaidi, ambayo al-Kindi aliieleza huko Baghdad katika karne ya 9. Programu nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ambamo *e* ndiyo inayoongoza, kwa hiyo zikikutana na Kiswahili zinapotea. Katika ujumbe wetu herufi inayojirudia zaidi ni *d*. Programu inayodhani kwamba hiyo ni *e* itatoa `Xyoyxeri Oirce wee xers`. Katika Kiswahili inayoongoza ni *a*, na kutoka *a* hadi *d* ni hatua tatu. Ufunguo umepatikana.

Lakini Kiswahili kina dalili nyingine iliyo bora zaidi kwa ujumbe mfupi: maneno yake karibu yote huishia kwa irabu. Basi tuzijaribu funguo zote, tuhesabu katika kila jibu ni maneno mangapi yanaishia kwa irabu, kisha tuchague lenye hesabu kubwa kuliko mengine.

```haskell
yafaa :: Char -> Bool
yafaa h = isAsciiLower h || isAsciiUpper h || isSpace h

alama :: String -> Int
alama s = length [w | w <- words (filter yafaa s), elem (last w) "aeiouAEIOU"]

vunja :: String -> String
vunja s = maximumBy (comparing alama) [fichua n s | n <- [0 .. 25]]
```

Fanksheni `words` hukata ujumbe kwenye nafasi, na `last` huchukua herufi ya mwisho ya kila neno. Uchujaji wa `yafaa` unaondoa nukta, koma na kibainishi, la sivyo neno lililo mwisho wa sentensi lingehesabiwa kuwa linaishia kwa nukta. Kwa *Tukutane Kenya saa tano*, jibu sahihi linapata alama 4, na hakuna jingine linalovuka 3, kwa kuwa hakuna msogeo mwingine unaozigeuza *e*, *a* na *o* zote tatu kuwa irabu kwa pamoja.

Mbinu hii ina mipaka, na ni vizuri kuiona kwa macho. Ficha neno *sana* peke yake, upate `vdqd`, kisha ulivunje: programu itajibu *were*. Irabu ni tano, kwa hiyo neno moja lina funguo tano zinazolingana kwa alama, na `maximumBy` ikikuta sare huchukua la mwisho. Ujumbe uliojaa maneno kama *avion* na *travail* pamoja na Kiswahili hupunguza alama za jibu sahihi, ingawa kwa sentensi mbili tatu Kiswahili kilichomo kwa kawaida hutosha. Kwa ujumbe wa Kifaransa kitupu, usiitumie kabisa.

Programu kamili

```haskell
main :: IO ()
main = do
  hoja <- getArgs
  case hoja of
    ["ficha", n]  -> interact (ficha (read n))
    ["fichua", n] -> interact (fichua (read n))
    ["vunja"]     -> interact vunja
    _             -> putStrLn "Tumia: siri ficha 3, siri fichua 3, au siri vunja"
```

Fanksheni `interact` husoma maandishi yote yanayoingia, huyapitisha kwenye fanksheni uliyoipa, kisha huyachapa. Hapa ndipo pekee programu yetu inapogusana na ulimwengu wa nje, na aina `IO` inalitangaza jambo hilo waziwazi. Kompaili kwa `ghc Siri.hs -o siri`, kisha utumie hivi:

```
echo "Tukutane Kenya saa tano" | ./siri ficha 3
```

Mtu akiandika neno mahali pa namba, `read` itaiangusha programu kwa ujumbe wa `no parse`. Programu ya kuwapa wengine itumie `readMaybe` kutoka `Text.Read`. Na kwa kuwa tumeona jinsi mistari michache inavyouvunja ufunguo, namba ya siri ya pesa za simu isikabidhiwe kwa programu hii.

Kuuongeza nguvu ufunguo

Kasoro ya msingi ni kwamba herufi zote husogezwa kwa kiasi kimoja. Mwaka 1553 Mwitaliano Giovan Battista Bellaso alichapisha njia ya kutumia neno kama ufunguo, ambapo kila herufi ya neno hilo inaamuru msogeo wake. Njia hiyo leo inaitwa kwa jina la Mfaransa Vigenère. Kwa kuwa tayari tunayo `sogeza`, kazi yote ni mistari mitatu:

```haskell
fichaNeno, fichuaNeno :: String -> String -> String
fichaNeno  neno = zipWith sogeza (cycle [ord h - ord 'a' | h <- neno])

fichuaNeno neno = zipWith sogeza (cycle [ord 'a' - ord h | h <- neno])
```

Fanksheni `cycle` hulirudia neno la ufunguo bila mwisho, na `zipWith` huioanisha kila herufi ya ujumbe na namba yake, kisha huacha pale ujumbe unapokwisha. Haskell haikokotoi sehemu ya orodha isiyohitajika, ndiyo maana orodha isiyo na mwisho haiikwamishi. Neno la ufunguo liwe la herufi ndogo zisizo na aksenti, na lisiwe tupu, kwa kuwa `cycle` haikubali orodha tupu. Nafasi kati ya maneno nazo zinatumia zamu ya ufunguo, jambo lisilo na madhara mradi pande zote mbili zinatumia programu hii.

Chagua neno hilo kwa makini. Herufi *a* ni sifuri, kwa hiyo haisogezi chochote, na maneno ya Kiswahili yamejaa *a*. Ukitumia *shaba*, herufi mbili kati ya kila tano za ujumbe zinabaki wazi: *saa tano* inakuwa `kha tsuo`, ambamo *a* ya pili, *t* na *o* hazikuhama hata kidogo. Ukitumia *kolwezi*, lisilo na *a*, unapata `col xzvy`, na zile *a* mbili zilizofuatana katika *saa* sasa ni herufi mbili tofauti. Fanksheni yetu ya `vunja` haina la kufanya hapo. Itakuletea jibu, lakini jibu hilo halitakuwa na maana. Mbinu ya kuvunja ufunguo wa aina hii kwa kutafuta kwanza urefu wa neno lake ilichapishwa na Friedrich Kasiski mwaka 1863, nayo pia inaandikika kwa Haskell: ukishaujua urefu, unaugawa ujumbe katika safu kadhaa, na kila safu inarudi kuwa tatizo la kusogeza kwa kiasi kimoja. Kumbuka tu kwamba katika safu hizo maneno yamekatikakatika, kwa hiyo kipimo cha irabu ya mwisho hakitumiki tena, na itakubidi urudi kwenye kuhesabu *a*.